Nilivyomvizia Mpenzi wa Staa Mikumi

Jamani, nichekeni tu. Ukweni kwangu Zombo, kijiji kisicho mbali na Mikumi, wananijua kama mwandishi wa habari, kumbe kazi yangu ni umbea wa mtandaoni.

Juzi nikasikia staa wa Bongo Fleva kajificha gesti Mikumi na mpenzi mpya. Nikachuchumaa nyuma ya michongoma, simu iko laivu. Mlangoni kwa staa alisimama mwanamke aliyejifunga kanga, kanipa mgongo. Nikanong'ona: "Watazamaji, leo namwanika!"

Akageuka, kuku wa kuuza mkononi. Mama mkwe!

Adabu ikanitangulia, nikajikuta nimesimama wima. "Shikamoo, mama!"

Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Marahaba, baba. Ndiyo ile kazi uliyotuambia ulipokuja kuposa?"