Sindano Pale Pale

Kitu cha kwanza muuguzi mgeni alichokiona kwa jirani yake wa kiti ni vidole visivyotulia. Vilibonyeza kalamu, vikakunja pembe za karatasi za mafunzo ya kisukari, vikarudi kwenye kalamu. Jirani huyo, Mama wa Wodi kama wote walivyomwita, alikuwa amewachoma wagonjwa sindano maisha yake yote, na mkufunzi alipoanza sentensi yeye aliimalizia chinichini.

"Mama, si ufundishe wewe tu?" muuguzi mgeni alimtania.

"Nikifundisha mimi, mwanangu, mtakosa chai."

Kisha mkufunzi akaeleza kwamba ngozi inayochomwa pale pale kila siku hufanya uvimbe, na insulini hukwama humo. Mgonjwa akihamia ngozi nzima bila kupunguziwa dozi, sukari inaweza kushuka mpaka azimie. Sentensi hiyo Mama wa Wodi hakuimalizia. Jana tu alikuwa ameuona uvimbe kwenye tumbo la kaka yake, akamwambia ahamie upande wa pili, na dozi akaiacha ilivyo. Alitoka mbio hadi kwenye korido, simu mkononi, spika imewashwa, muuguzi mgeni nyuma yake.

"Kaka, umeshachoma?"

"Zamani. Nimejilaza, natokwa na jasho tu."

"Kunywa soda. Sasa hivi."

"Wewe uliyeninyima mwaka mzima?"

"Mimi huyo huyo. Kunywa, kisha upime."

Walimsikia akigugumia. Kisha ukasikika mlio mwembamba wa kipimo cha sukari.

"Kinahesabu," alisema kaka.

"Kikimaliza, nisomee polepole," alisema Mama wa Wodi, na wote wawili wakainamia simu.