Kuifundisha Mashine Kusubiri

Asubuhi tulisoma kompyuta, na mchana tulisoma moyo wa mtu. Ndivyo nilivyozoea kuwaeleza waliouliza, nao walikuwa wengi, maana kwetu Mwankoko shahada ya sayansi ya kompyuta pamoja na saikolojia ilisikika kama habari ya mtu aliyeamua kufuga kuku na samaki katika banda moja. Jirani yetu, mzee mwenye maneno, alimwambia baba kwamba sasa mtaa umepata daktari wa simu zenye wazimu. Baba alicheka, lakini niliona angependa kuwa na jibu fupi la kuwapa watu.

Jibu fupi sikuwa nalo. Siku zangu za chuoni zilipita kama za mtu anayetembea huku ana usingizi. Nilitoka kwenye chumba cha kompyuta chenye baridi, ambako kila kitu kilipaswa kusemwa mpaka mwisho bila kuacha hata nukta, nikavuka uwanja wenye jua, nikaingia katika ukumbi ambako mwalimu alitufundisha kusikiliza yale ambayo mtu hasemi. Kama nawe unafikiria kusoma masomo haya mawili kwa pamoja, usiogope ukiona miezi ya mwanzo ni kama ndoto. Yanahitaji muda wa kuzoeana ndani yako. Kwangu yalizoeana nyumbani, katika likizo ndefu ya mwaka wa pili, kando ya shangazi yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alikuwa amefiwa na mumewe, na baada ya msiba baba alimtoa kwake Mgori akamleta kwetu ili asikae peke yake. Nyumba yake ilikwisha kupata mpangaji, mwalimu mgeni ambaye angehamia mwisho wa mwezi. Shangazi alipoulizwa, alisema sawa. Alisema sawa kwa kila kitu: alale chumba cha mbele, sawa, kuku wake wabaki kwa jirani kule Mgori, sawa. Alishinda uani akipepeta alizeti za mama, upepo wa kiangazi ukichukua makapi na kuyatawanya hewani kama wadudu wa dhahabu, nasi tukasema anaendelea vizuri. Ila alikuwa anakonda, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Mimi nilikuwa nimerudi na kazi ya chuo. Tulitakiwa kutengeneza programu ya simu inayozungumza na mtu, ikimuuliza hali yake ili kujua kama anahitaji msaada. Programu si uchawi. Ni maagizo yaliyopangwa: ukipata hiki, fanya kile. Yangu niliiagiza iulize habari. Jibu likiwa zuri, ishukuru na kuaga. Jibu likiwa baya, iendelee kuuliza taratibu.

Nilianza kuwapa watu wa nyumbani na mtaani waijaribu, na kwa mujibu wa programu yangu mtaa mzima ulikuwa na furaha. Hata yule mzee jirani, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuta mbuzi wake amekufa zizini. Aliandika kwamba habari ni nzuri, simu ikafurahi pamoja naye, ikamtakia siku njema. Mzee alinirudishia simu.

"Imeondoka," akasema, "na mimi sijafika kwa mbuzi."

Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Alisema mashine yangu inauliza kama mtu wa bodaboda aliyeacha injini inanguruma.

Wewe uliyekulia kwetu unajua ilikosea wapi. Habari huwa nzuri kwanza, hata msibani. Ile nzuri ni mlango tu unaomfungulia anayeuliza. Akiingia anauliza za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, na zote zinajibiwa nzuri. Kisha kunakuwa kimya kidogo, mtu anatazama mbali, na hapo ndipo linapokuja neno "ila". Habari yenyewe hukaa nyuma ya ila. Programu yangu ilikuwa inaaga mlangoni.

Siku mbili tatu nilikaa na tatizo hilo kama mtu anayekaa na wimbo asiojua maneno yake. Darasa la kompyuta lilinifundisha kwamba mtu akinyamaza, programu isubiri kidogo, kisha iombe radhi na kurudia swali, kwa kuwa kimya ni hitilafu. Darasa la saikolojia lilinifundisha kwamba kimya mara nyingi ndicho kinachozungumza. Mchana mmoja, nikiwa nimelala chali kwenye mkeka, mapaa ya bati yakilia kwa upepo, masomo hayo mawili yalikutana kichwani mwangu kwa utulivu kabisa. Nikaona naweza kuiagiza mashine isubiri. Iende na mtu mzunguko mzima wa habari, kisha inyamaze, isiombe radhi.

Kabla ya kuandika programu upya, sisi huigiza kwanza: mtu anajifanya mashine, anasoma maswali yake kama yalivyo, bila kuongeza lake. Nikamwomba shangazi anisaidie. Akasema sawa. Nikakaa chini karibu na ungo wake.

Niliuliza za kuamka, nzuri. Za nyumbani, nzuri. Za mwili, nzuri. Nikauliza za kuku.

"Wazuri. Wako kwa jirani."

Maswali yakaisha. Kulingana na maagizo yangu, sasa mashine ilitakiwa kunyamaza. Nilinyamaza. Alizeti zilipanda hewani zikarudi kwenye ungo, zikapanda, zikarudi. Nilianza kusikia usingizi wa jua, na sauti ya ungo ikawa kama inatoka mbali, huko ilikoanza miamba na vichaka. Kisha sauti ile ikakoma.

"Ila," shangazi akasema, "mimi sijahama, mwanangu. Nimeletwa tu."

Sikuwa nimeandika jibu la hilo, kwa hiyo nikaendelea kunyamaza. Akaniambia anataka kulala kwake. Anataka kusafisha shamba kabla ya mvua, na kila akifikiria mtu mwingine akifungua ule mlango, chakula kinamkwama kooni.

Nikamuuliza kama nimweleze baba. Alikataa. Alisema nimwambie tu kwamba akipata nafasi ya kukaa, dada yake anamhitaji.

Baba alirudi jioni, nikampa ujumbe huo baada ya kumwamkia. Aliniangalia, akaenda uani, akavuta kigoda. Walizunguka habari zote, hata za mbuzi wa jirani, kisha shangazi akamweleza. Baba alishika kichwa.

"Lakini dada, nilikuuliza. Si ulisema sawa?"

"Uliniuliza umesimama, mdogo wangu, funguo za pikipiki mkononi. Mtu wa hivyo anaambiwa sawa ili aende salama."

Baadaye baba alimpigia yule mwalimu mpangaji, akamwomba radhi kwa kumsumbua, akaahidi kumtafutia nyumba nyingine.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza shangazi Mgori. Jirani yake alitupokea kwa shikamoo na kelele za kuku waliofungwa miguu. Shangazi alifungua mlango mwenyewe. Ndani kulikuwa na harufu ya vumbi na nta, na mwanga uliingia kwa mstari mmoja tu kupitia dirishani. Nilitaka kumsaidia kufagia, akanionyesha nikae nje.

Nilikaa kizingitini. Nikamsikia akipita chumba hadi chumba, akifungua madirisha na kuongea Kinyaturu, kile cha zamani ambacho mimi nakishika nusu tu. Wakati mwingine alikaa kimya, kama anayempa mwenzake nafasi ya kujibu, halafu akaendelea. Aliongea kwa muda mrefu. Baadaye moshi ulianza kutoka jikoni, na akaniuliza kwa sauti kama ugali wa uwele bado naupenda.

Nilisema ndiyo. Akasema vizuri, maana ana njaa.