Gari la Parokia na Mlima wa Amani

Halmashauri ya Walei, baada ya kutafakari kwa kina na kumshirikisha Paroko, iliwatangazia waamini wote kwamba gari la parokia, la otomatiki, la familia, lenye viti saba, ambalo tangu lipokelewe halijapata hata mara moja kuharibika njiani, lingeuzwa; kwamba bei yake imewekwa kwa moyo wa kikristo; na kwamba waamini wangefikiriwa kwanza kabla ya watu wa nje. Tangazo lilisomwa misa zote mbili, katikati ya tangazo la ndoa na tangazo la mwavuli uliosahauliwa sakristia. Misa ya pili msomaji alilisoma kwa sauti ile ile aliyokuwa ametoka kumpa nabii Isaya.

Consolata alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mguu wa kushoto ameunyoosha kwenye njia ya katikati kwa sababu haukunjiki. Mama yake, Anastazia, alimshika mkono kwenye neno "otomatiki" na hakuuachia mpaka baraka ya mwisho.

Consolata ni muuguzi mkunga. Kwa miaka mingi alitoka kwake Chumbageni alfajiri, akapanda bodaboda, akashika njia ya Pangani mpaka zahanati ya Tongoni, na jioni akarudi vile vile. Nusu ya watoto wanaokimbizana kwenye magofu pale kijijini walipokewa na mikono yake. Semeni, mama wa mmoja wao, alitaka kumwita bintiye Consolata. Baba mtoto akasema hana neno, ila litafutwe jina ambalo bibi yake ataweza kulitamka. Mtoto akaitwa Tausi.

Kisha asubuhi moja ya mvua bodaboda ile iliingia ubavuni mwa lori la mchanga. Dereva aliamka akajikung'uta. Consolata aliamka baada ya wiki kadhaa, na goti lililoamua kubaki kama lilivyo. Aliapa mbele ya mama yake na mbele ya daktari kwamba hatakalia tena pikipiki, na wote wawili wakaona ni kiapo chenye akili. Kazini wakamweka stoo ya dawa hapo mjini, kwenye kiti kirefu, na kumwambia kwamba ni kwa muda. Sasa mkubwa wake alikuwa amemwita na kumweleza, kwa upole mwingi, kwamba Tongoni haiwezi kukaa bila mkunga: mwisho wa mwezi, ama awe na usafiri wake mwenyewe, ama nafasi apewe mwingine na yeye abaki stoo, moja kwa moja.

Upole ule ndio uliomtisha.

Gari la otomatiki halidai mguu wa kushoto. Hilo alilijua. Fedha ilikuwepo, ya kiwanja alichoacha marehemu baba, lakini kiwanja huuzwa mara moja. Akikosea gari hakuna cha kurudia.

Kabla ya tangazo alikuwa ameshakwenda kwa Mudathir, dalali wa magari ambaye yadi yake iko kwenye uwazi mmoja kabla ya kuingia Raskazone, mahali ambapo upepo wa bahari hula vyuma bila haraka. Mudathir alimwonyesha kigari cha kijivu chenye mlango mmoja wa bluu.

"Sista, mimi sikufichi," alisema. "Mlango huu ni wa gari nyingine, wallahi. Chini kuna kutu. Redio haisemi. Kiti cha nyuma alilala mbuzi wa Idi, harufu itatoka yenyewe."

"Na injini?"

"Injini na gia ni nzima, wallahi tena. Lakini usinisikilize mimi, mimi ni dalali. Hapa Tanga pamelala kama mkeka, hapa hata toroli linakwenda. Otomatiki mbovu haijulikani mpaka ione mlima. Chukua, ipandishe Amani. Ikipanda, rudi tuzungumze. Ikikataa iache huko huko, nitakuja kuilia mwenyewe."

Consolata alishukuru akaondoka. Mtu anayeapa mara mbili kwa pumzi moja, alijiambia, ana linalomsumbua. Na mtu anayekutajia kasoro nne bila kuulizwa, ya tano itakuwaje? Ndivyo alivyofikiri mwanamke mwenye akili timamu ambaye Jumapili iliyofuata alisikia gari likisifiwa kanisani na hakujiuliza lolote.

Kwa mama yake hapakuwa hata na la kujadili.

"Gari la padri," Anastazia alisema wakirudi nyumbani. "Padri anakwenda wapi? Kwa wagonjwa na kwa askofu. Tena ndilo lililompeleka baba yako Gare, akazikwe kwao. Umesahau?"

Hakusahau. Watu wa milimani walioshushwa na mashamba ya mkonge hufia pwani na kuzikwa juu, na parokia haina basi. Walikuwa kumi na mmoja humo ndani, na jeneza limefungwa juu. Mzee Ernesti, mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kila baada ya kona kadhaa aliegesha pembeni, akazima injini, akasema, "Tusimame kidogo, tumwombee marehemu," na wote wakashuka wakasali fungu zima la rozari barabarani, kwenye baridi. Kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua. Wakasema ni ubani. Consolata alilia safari nzima kwa jinsi mzee yule alivyompenda baba yake.

Jumatano jumuiya ilikutana kwao. Anastazia, kabla chai haijamiminwa, alitangaza kwamba binti yake anachukua gari la parokia. Watu wakapiga makofi. Bibiana, mwalimu wa kwaya, akauliza kama kwaya itaruhusiwa kuendelea kulitumia siku za misiba, akajibiwa kwamba itaruhusiwa. Kwa hiyo hadi usiku unaingia Consolata alikuwa ameshapata abiria, ameshapata ratiba, na hakuwa amekaa hata dakika moja kwenye kiti cha dereva.

Hakulala vizuri. Neno la Mudathir lilikuwa limemkaa kama mchanga kwenye kiatu. Asubuhi akampigia Mzee Ernesti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hongera."

"Bado, mzee. Nilikuwa naomba nilijaribu kwanza."

"Lijaribu, lijaribu. Zunguka nalo hata Raskazone nzima."

"Nilitaka nilipandishe Amani."

Simu ikasikika ikihamishwa kutoka sikio moja kwenda jingine.

"Amani," alisema Mzee Ernesti. "Huko Tongoni kuna mlima?"

"Hakuna, mzee."

"Sasa? Mtu akinunua viatu vya kanisani anakwenda kuvijaribu shambani?" Akacheka kidogo, peke yake. "Consolata, gari hili ni la kanisa. Mimi nimelitangaza. Nimesimama pale mbele. Watu wakisikia unalipeleka milimani kulipima, wataelewaje?"

"Wataelewa kwamba mguu wangu mbovu, mzee."

Alikubali, kwa sauti ya mtu aliyesamehe jambo kubwa, kwa sharti kwamba na yeye atakuwemo.

Jumamosi wakatoka. Consolata kwenye usukani, Mzee Ernesti kando yake amevaa koti, Anastazia nyuma, amenuna kwa niaba ya kanisa. Gari lilikuwa jeupe, limeoshwa, na mafuta yaliyopakwa dashibodi yalinukia ndimu. Njia ya Muheza ilikuwa laini. Mguu wa kulia ukakanyaga, ukaachia, ukakanyaga, na wa kushoto ulipumzika umenyooka, hauulizwi chochote. Hakuwa ameendesha gari lolote tangu ajali. Karibu na Pongwe aligundua kwamba anatabasamu, akaacha.

"Unaona?" Anastazia alisema.

Muheza walisimama, mama akanunua machungwa, nusu gunia, kama mtu aliyekwisha kulipia gari. Kisha wakaiacha lami wakaanza kupanda.

Kona za kwanza gari lilipanda. Mzee Ernesti alieleza historia ya mashamba ya chai. Kona zilizofuata injini ikaanza kunguruma zaidi ya mwendo, kama mtu anayepiga kelele ili aonekane anafanya kazi. Consolata alikanyaga mafuta. Ngurumo ikapanda, magurudumu yakafikiria kwanza, kisha yakafuata. Mzee Ernesti aliacha historia. Upande wa kushoto miti ilikuwa imeanza kuonekana vilele.

Harufu ikaingia. Nyembamba, tamu kidogo, ya kitu kinachoungua.

"Binti yangu," alisema Mzee Ernesti, kwa sauti laini, "egesha hapo mbele penye nafasi. Tusimame kidogo, tuwaombee marehemu."

Mikono ya Consolata ikakaza kwenye usukani. Hakumtazama. Aliyaona tena mabega ya watu wa safari ya Gare kwenye ukungu, rozari mikononi, na mzee huyu huyu amesimama karibu na boneti, kiganja kimoja amekiweka juu yake. Walidhani anaibariki.

"Tutasali huku tunakwenda, mzee," alisema.

"Gari linahitaji..."

"Linahitaji nini, mzee?"

Mzee Ernesti akateremsha kioo chake. Nyuma, Anastazia, ambaye hakuwahi kumsikia mtu akikataa kusimama kwa ajili ya sala, akafanya ishara ya msalaba peke yake.

Kona iliyofuata ilikuwa kali. Consolata alikanyaga hadi mwisho. Injini ililia, mshale ukapanda, na gari likapungua, likapungua, likasimama. Kwa pumzi moja halikwenda mbele wala nyuma. Kisha likaanza kurudi.

Akahamisha mguu wa kulia kutoka mafuta kwenda breki, mguu pekee alio nao kwa kazi hizo, na gari likasita, likateleza juu ya kokoto, likasita tena. Akavuta handbreki kwa mikono miwili. Ikashika nusu. Kwenye kioo hapakuwa na barabara, palikuwa na majani, na chini ya majani hapakuwa na kitu.

"Mama, shuka," alisema. "Mlango wa kulia. Weka jiwe nyuma ya gurudumu. Kubwa."

"Mimi?"

"Mimi nikiachia breki tunakwenda wote. Mzee, wewe usitikisike."

Anastazia, mwenye miaka yake sabini na kitu, alishuka kwa upande wa mlima, akakaza kanga kiunoni, akatafuta jiwe. La kwanza lilikuwa dogo, akalitupa kwa maneno ambayo hayasemwi jumuiyani. Machungwa yalidondoka mlangoni yakaanza kuteremka barabara moja moja. Mguu wa Consolata ulikuwa unatetemeka kuanzia pajani. Akauangalia kama anavyomwangalia mama aliye kwenye uchungu: bado kidogo, usiache sasa. Akasikia jiwe likisukumwa kwenye mpira, kisha la pili.

"Achia taratibu," mama alisema.

Aliachia taratibu. Gari likaegemea mawe likatulia.

Chini ya boneti kitu kilikuwa kinatoa mlio mdogo wa kupoa.

"Halijaharibika," Mzee Ernesti alisema mwishowe. "Nataka uelewe hilo. Linapumzika. Likipumzika robo saa linapanda. Siku zote limefika."

"Na baba yangu?" Consolata aliuliza. "Zile rozari?"

Mzee alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. "Zilikuwa rozari za kweli," alisema. "Mimi nilisali."

Na Consolata alimwamini, hilo ndilo lililomkera. Alishuka, akaegemea ubavu wa gari, akampigia Mudathir.

"Sista. Mbona hukuja kulipandisha?"

"Nimepandisha jingine. Lako bado lipo?"

"Lipo, lakini kuna mwalimu kutoka Pangani anakuja saa kumi na hela mkononi. Siwezi kumzuia mtu wa hela. Uko wapi?"

"Amani. Njiani."

Mudathir alicheka kwa adabu. "Ukimtangulia, funguo ni zako, na tunakwenda wote mlimani. Akikutangulia, nisamehe."

Basi la kushuka lilikuwa limeshapita. Iliyokuwepo ni bodaboda moja tu, imesimama kivulini kwenye kona ya juu, dereva wake mwanamume mzima mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa ameliangalia tukio lote bila kuingilia, kama mtu wa heshima. Consolata alimwita kwa mkono. Dereva alipofika, Consolata alisimama mbele ya pikipiki kwa muda, hata yule akadhani anapiga hesabu ya nauli.

"Konso," Anastazia alisema, kwa sauti ndogo.

"Ninajua, mama."

"Uliapa."

"Niliapa." Akaupitisha mguu wa kushoto juu ya kiti, kwa mikono, kama mzigo wa mtu mwingine, akajivuta nyuma ya dereva. "Kaka, mimi niliwahi kuanguka. Ukikimbia nakukaba shingo."

"Sikimbii, dada. Mlima wenyewe huu."

Alishuka Amani macho yamefumbwa, akashika koti la mgeni, akihesabu kona kwa tumbo. Muheza akadandia gari la abiria, na kutoka stendi akatembea mwenyewe, mguu ukiburuzwa, mpaka yadi. Mwalimu wa Pangani alikuwa bado hajafika. Jumatatu kigari cha kijivu kilipanda Amani hadi juu, Mudathir akiwa kiti cha nyuma na madirisha yote wazi kwa sababu ya mbuzi, na hakuna aliyeombwa kusali. Mwezi mpya ulipoanza Consolata alikuwa Tongoni. Jumuiya walimnunia hadi Kwaresima.

Mama yake alirudi Jumamosi ile giza limeshaingia, na machungwa manne. Alikula kimya. Kisha akaeleza kwamba hawakuachwa kwa muda mrefu: Consolata alikuwa hata hajamaliza kona ya kwanza kwenye ile bodaboda, trekta likatokea kutoka chini, na mnyororo umeshaning'inizwa nyuma. Alimwuliza dereva wa trekta ni nani aliyempigia simu. Hakupigiwa na mtu. Alikuwa ameketi nyumbani kwake mwanzo wa mlima, akaliona gari la parokia likipita kwenda juu, akamaliza chakula, akawasha trekta.