Picha Iliyokaa Katikati

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Mama Nukta, maana nukta ikikosekana kwenye ukurasa mzima aliiona hata bila miwani. Alikuwa amepanga kurasa kwa miaka ishirini na sita. Alianza na rula, wembe na gundi. Kompyuta zilipoletwa wenzake walinung'unika. Yeye akazizoea ndani ya mwezi.

Kisha jicho la kushoto likaanza kuingia ukungu, la kulia likafuata. Daktari akamwambia ni presha ya macho, na kilichokwishapotea hakirudi. Hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na binti yake alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, ana yake yanayomtosha.

Programu ya kupangia kurasa ikawa mkongojo wake. Mle ndani mna mistari ya mwongozo, ile isiyochapishwa: ukisogeza picha karibu nayo inaivuta kama sumaku na kuigandisha mahali pake. Kipo na kitufe cha kuweka kitu katikati. Zamani alivitumia ili amalize haraka. Sasa aliipaka ile mistari rangi nyekundu ya kuwaka, na vipimo akaviandika kwa namba badala ya kukadiria kwa jicho. Kurasa zikatoka zimenyooka kuliko zamani.

"Mama Nukta, wewe huzeeki," bosi alimtania.

"Nazeekea ndani kwa ndani," akajibu, watu wakacheka.

Jumanne moja mwanamume mmoja alileta picha mbili za kipeperushi cha mazishi: ya marehemu mdogo wake, ya kuwekwa mbele, na yake mwenyewe, ya ukurasa wa shukrani. Ndugu wawili, vipara viwili, suti nyeusi mbili. Mama Nukta akaikuza ya kwanza hadi ikajaa kioo, akaona kivuli tu. Akaivuta ukurasa wa mbele. Mstari ukaidaka. Katikati kabisa, kingo sawa pande zote. Na kwa kuwa kazi yake haikuwa ikikaguliwa, vikachapwa vyote mia nne.

Kesho yake yule mwanamume alirudi na kipeperushi mkononi.

"Mama, huyu uliyemweka mbele ni mimi."

Mashine ziliendelea kunguruma.

"Mama yetu ana miaka tisini. Amekishika, amenitazama, akaniuliza, 'Kwani mwanangu aliyekufa ni yupi?'"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Vilichapwa upya siku hiyo hiyo, kwa mkono wa mtu mwingine. Bosi akamwita kando. "Mbona hukusema, dada yangu?"

"Ningesema nini, bosi? Kwamba nimekuwa nikibahatisha?"

Walimhamishia kwenye meza ya kukunja karatasi. Alikaa wiki tatu. Wenzake waliopita walinyamaza walipomfikia, nao huo ukimya ndio uliomshinda. Akaaga, akaondoka na mkoba wake na kikombe chake cha chai.

Nyumbani binti yake alimwekea mtoto mapajani. "Mama, hebu mtazame. Si amefanana na marehemu baba?"

Miezi yote alikuwa akiitikia, "Kabisa, mwanangu." Safari hii alipapasa paji la uso wa mtoto, pua, kidevu.

"Sijui," alisema. "Simwoni. Sijawahi kumwona."

Binti akamchukua mtoto, akamtazama mama yake kwa muda mrefu, wala mama hakujua kama anatazamwa.