Aliwachonga Samaki wa Mbao, Mwingine Akajiita Mchongaji

Saa moja asubuhi, Seline Akumu anamimina chumvi kwenye pipa la maji lililokatwa nusu, nyuma ya nyumba yake ya kupanga mtaani Yamumbi, Eldoret. Anakoroga kwa kijiti mpaka chumvi yote iyeyuke. Kisha anachukua samaki wa mbao, mgongo wa kijani na tumbo jeupe, anamfunga uzi mdomoni na kumvuta polepole kutoka ukingo mmoja wa pipa hadi mwingine.

Samaki anayumba kama aliyejeruhiwa. Seline hatabasamu. Anamtoa, anamfuta kwa aproni na kumgeuza tumbo juu.

"Huyu bado. Risasi niliyoweka ndani kumpa uzito imekaa mbele sana, analala upande," anasema, na kumrudisha kwenye meza ya kazi.

Samaki huyu ni chambo. Huko Pwani, wavuvi wa mshipi husimama ufuoni, maji magotini, na kumrusha mbali kwenye mawimbi ili kolekole, samaki mkubwa wa baharini, amwone na kudhani ni mlo. Maji ya bahari huielesha mbao juu kuliko maji ya bomba, na ndiyo sababu ya chumvi ile. Majirani walipomwona akikoroga pipa lake kila wiki, baadhi yao walianza kunong'ona kwamba ni mambo ya uchawi.

"Waseme tu. Hao hawajaniibia kitu," anasema, na hapo sauti yake inabadilika.

Aliyemwibia, kwa maelezo yake, ni mtu aliyekuwa akinywa chai ndani ya nyumba hii.

Seline, mwenye umri wa miaka 47, alizaliwa karibu na Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Baba yake alichonga maboya ya mbao ya kuelesha nyavu, na bintiye alikaa miguuni pake akiyapiga msasa. Alikuja Eldoret baada ya kuolewa na Ouma, fundi wa mawe, akapata kazi katika karakana ya fanicha, akikereza miguu ya meza na vitanda. Kwenye mashine ya kukereza hakukuwa na mwanamke mwingine. Mteja akiuliza fundi ni nani, alionyeshwa mwanamume yeyote aliyesimama karibu.

"Nilizoea," anasema. "Hilo ndilo kosa. Mtu hafai kuzoea kitu kama hicho."

Kazi ya chambo ilianza Krismasi moja, Joyline alipokuja likizo nyumbani kwao Kapseret. Joyline anasimamia nyumba ya wageni huko Kilifi, na wageni wake wengi ni wavuvi wa ufuoni. Alileta karakanani chambo cha mbao kilichovunjika, akauliza kama kuna anayeweza kukitengeneza. Wanaume walikitazama, wakacheka, wakarudi kwenye makabati yao. Seline alienda nacho nyumbani, akakipasua katikati ili aone kilivyoundwa.

Alikuta tundu la skrubu limelegea, ndoana imeng'oka na kipande cha mbao. Hakukiiga. Katika chake alipitisha waya mmoja wa chuma kisichoshika kutu kutoka mdomoni hadi mkiani, na ndoana zote akazining'iniza kwenye waya huo. Mbao ikipasuka, samaki bado yuko kwenye mshipi. Wale wa kwanza waliogelea vibaya, Joyline akampigia simu kumwambia wanaelea juu mno. Ndipo pipa la chumvi likaingia uani.

Wavuvi wa Kilifi waliwapenda. Oda zikaongezeka, na kuzituma Pwani kukawa shida kwa mtu anayeshinda karakanani kutwa nzima. Hapo ndipo alipoingia George Mukhwana, mwenye duka la zawadi na vifaa vya michezo katikati ya mji. Alijitolea kuwa mtu wa kati: Seline achonge, yeye asafirishe na kutafuta soko. Alikuja Yamumbi mara nyingi, akaketi, akauliza maswali. Kazi hii alijifunzia wapi? Baba yake alikuwa nani? Siku moja alileta kamera, akapiga picha mikono ya Seline ikiwa kazini.

"Nilimwambia kila kitu. Nilidhani mtu akiuliza habari za baba yako, ni kwa sababu anakuheshimu."

Kwa karibu miaka miwili mambo yalikwenda sawa. Kisha kukawa na maonyesho ya biashara mjini. Bintiye Seline, Lorraine, mwanafunzi wa chuo, alikwenda kutembea na wenzake. Baada ya muda mfupi alimpigia mama yake simu.

"Mama, kuja uone mikono yako," alimwambia.

Seline alipanda bodaboda na aproni yake ya kazi. Katika kibanda cha George alikuta samaki wake wamepangwa juu ya kitambaa cheusi, kila mmoja amechomwa jina la George tumboni. Ukutani kulikuwa na bango kubwa lenye picha ya mikono inayochonga. Uso haukuwapo. Chini yake kulikuwa na maneno yaliyomtaja George Mukhwana kuwa mchongaji.

George alikuwa amevaa suti, akiwaeleza wageni. Seline alisimama nyuma yao akasikiliza. Alimsikia akisimulia jinsi alivyokulia kando ya ziwa, na jinsi baba yake, mchonga maboya, alivyomkalisha miguuni na kumpa kipande cha msasa.

"Kuchukua jina langu, hilo ningelilalamikia nikiwa nimekaa," anasema Seline. Mikono yake imeacha kufanya kazi. "Lakini huyu alichukua hadi baba yangu. Mzee amelala kaburini, na mtu amevaa tai anamfanya wake ili auze."

Alipenya katikati ya wageni. Hakupaza sauti.

"George," alisema, "baba yako alichonga maboya katika ziwa gani?"

George ni mzaliwa wa mashambani Bungoma, mbali na ziwa. Seline akaweka mkono wake wa kushoto juu ya bango, kando ya ule wa kwenye picha. Kidole cha shahada cha mkono huo hakina ncha. Kilikatwa na msumeno miaka mingi iliyopita. Cha kwenye picha pia hakikuwa nayo. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika samaki wa mbao aliitazama mikono yote miwili, akamtazama George, akamrudisha samaki mezani na kuondoka.

Kisha askari wa lango akaitwa. Alimwomba mama atoke, kwa kuwa hakuwa na beji.

Wiki iliyofuata Seline alizunguka maofisi. Katika ofisi moja aliambiwa kwamba kwa kuwa hakuwahi kusajili kazi yake, haijulikani kuwa ni yake. Karani alimshauri ashukuru kwamba angalau alikuwa akilipwa.

Aliacha kuchonga. Alirudi kwenye miguu ya vitanda, na Ouma anasema kwamba kwa miezi kadhaa nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba hata redio aliona aibu kuiwasha.

George hakuacha. Alitafuta karakana nyingine iige umbo na rangi. Waigaji hawakuhangaika na waya; walifunga skrubu. Siku moja Joyline alimpigia Seline simu kutoka Kilifi akiwa na hasira zake mwenyewe. Mgeni wake alikuwa amenasa kolekole mkubwa, chambo kikapasuka, na samaki akaondoka na nusu. Ilikuwa mara ya tatu.

"Mama Lorraine, mbona unatuangusha?" aliuliza.

Seline alimweleza kwamba hao hawakuwa wake, na kwa nini. Joyline akasema kwamba George alikuwa amemwambia kuwa Mama Lorraine ni mgonjwa, ameacha kazi, na kwamba yeye George ndiye aliyekuwa akimfundisha tangu mwanzo.

Tangu siku hiyo, Kilifi haikununua tena kwa George. Joyline aliwaeleza wavuvi wake habari yote, na wavuvi wakawaeleza wenzao. Oda sasa zinakuja moja kwa moja Yamumbi, na samaki wanasafiri kwa basi. Tumboni mwa kila mmoja, Seline anaandika kwa msumari wa moto: Akumu, Yamumbi.

Nilipompigia George simu, hakukana. Alisema Mama Lorraine ni fundi mzuri, lakini mteja hanunui mbao, ananunua hadithi, na hadithi inahitaji mtu anayejua kuongea. Aliongeza kwamba alikwenda Yamumbi kupendekeza ubia mpya, lakini hakupokewa kistaarabu.

Seline anakubali hilo. "Nilimwacha amesimama mlangoni mpaka akachoka," anasema.

Mchungaji wake amemshauri asamehe. Alimjibu kwamba atasamehe akimaliza kukasirika, na bado hajamaliza. Kwa sasa anafuatilia usajili wa jina la kazi yake, na Lorraine ndiye anayemsindikiza maofisini. Akishakodi chumba cha karakana, atawachukua wanawake wawili anaowajua, mafundi ambao kazi zao huuzwa kwa majina ya wanaume.

Mwezi Desemba atasafiri kwenda Kilifi kwa mwaliko wa Joyline. Katika maisha yake yote hajawahi kuiona bahari. Ouma anamtania kwamba hatimaye atakwenda likizo kama watu wengine, lakini yeye anatikisa kichwa.

"Siendi kupumzika," anasema Seline. "Watu wengi wamesema kazi hii ni ya nani. Nataka nisimame pale ufuoni nimrushe samaki wangu mwenyewe, nione kolekole atasema nini."