Mtani wa Trekta la Mvuke

Wajukuu zangu wameniomba niache kusimulia kisa hiki mbele ya wageni, eti nawatia aibu. Sitaacha. Kilinikuta mimi mwenyewe, macho yangu mazima, na asiyetaka kuamini nampa ruhusa aondoke.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, kwenye shamba la pamba upande wa Kingolwira. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali, najua Kijerumani, najiona mtu. Nikaajiriwa kuendesha trekta la mvuke, lidude la chuma linalokula kuni kutwa. Mtu niliyechukua nafasi yake alikuwa Mnyamwezi. Shuka lake lilinaswa na gurudumu la mashine ile, akafa. Nilifika siku ya maziko. Salehe, mchochea kuni kutoka Mlali, akanifuata.

"Twende makaburini, kaka. Watani zake ni sisi Waluguru. Nani atamtania?"

Nikamjibu kwamba nimekuja kufanya kazi, sikuja kuchekesha maiti. Sikwenda. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, ukungu bado umefunika mlima, nilikuwa peke yangu nachochea moto. Kioo cha boila kilionyesha maji tele. Mtu akatokea upande wa gurudumu, shuka limechanika begani, linachuruzika umande.

"Wewe Mluguru," akasema, "ng'ombe wako ana kiu."

"Na wewe Mnyamwezi, nani kakufungulia zizi?" nikamjibu, maana lafudhi yake ilimtambulisha.

Akacheka. "Msomi mzima unadanganywa na kioo. Au shuleni walikufundisha kuvaa kaptura tu?"

Nami nikacheka, nikaongeza kuni. Mtani ukimkasirikia si umeshindwa? Nikamwuliza anatoka wapi.

"Hapa hapa. Kuna Mluguru mmoja mchoyo, alininyima hata tusi la kunizika."

Ndipo nikaona. Matone ya shuka lake yalikuwa yakidondokea chuma cha moto, na chuma hakilii. Tone baada ya tone, kimya. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu.

Nikafungua koki ya kupimia maji. Halikutoka hata tone, ulitoka mvuke mtupu. Kioo kilikuwa kimeziba kwa tope, kimeshikilia maji ya jana, na boila ilikuwa inaungua kavu.

Nilikuwa nakokota kuni nje ya tanuru msimamizi alipofika, Salehe nyuma yake. Mzungu huyo akaona kazi yake inachelewa, akamwamuru Salehe asukume maji ndani kwa pampu upesi. Maji baridi ndani ya boila kavu yenye moto? Ingepasuka na kutumaliza sote. Nikasimama mbele ya pampu.

"Hagusi mtu," nikamwambia kwa Kijerumani chake.

Nikalazwa chini, nikala hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Salehe aliamriwa kunishika miguu, na mikono iliyonishika haikuweza kusukuma pampu. Kiboko kilipokwisha, chuma kilikuwa kimeanza kupoa. Baadaye walichungulia tanuruni wakakuta bati la juu limebonyea kwa kukosa maji juu yake. Hakuna aliyeniomba radhi.

Jioni Salehe alinipaka mafuta mgongoni. Nikamweleza habari za yule mtu. Mkono wake ukasimama.

"Shuka lilichanika bega gani?"

"La kushoto."

"Ndipo gurudumu lilipomkamatia," akasema.

Makovu ninayo, njoo uyatazame. Na mpaka leo mimi huenda kaburini kwa Mnyamwezi yule nikamtukana kwa sauti: mwizi wa karanga, miguu kama mipini ya majembe. Shehe wa mtaani kwetu anasema haifai. Nimemwambia aniache, nilichelewa maziko.

Nanyi mnaopanda matrekta makuukuu siku hizi, mkicheka mashine zetu za kuni: shuka, kanzu, kitenge, viwe mbali na gurudumu na mkanda wa mashine. Kioo na mshale wa kipimo msiviamini mpaka mmeyaona maji yenyewe. Na asubuhi ya ukungu, mtu usiyemjua akikuita mjinga, fungua koki kwanza, ndipo umjibu.