Vitundu Vitatu na Khanga ya Mama Mkwe

Juzi nimeenda wodini kumpa pole jirani yangu, macho yakahamia kitanda cha pili. Kalala mwanamke wa kijiji cha Msowero, katolewa mawe ya nyongo kwa ile mashine yenye kamera. Dawa ya usingizi haijamtoka vizuri, anaongea kama yuko mawinguni. "Nilikuwa naelea juu ya mbuga ya Mikumi," anasema. "Twiga wote wananitazama."

Mama mkwe wake akaingia na chupa ya uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu nione kidonda."

Akafunua tumbo. Plasta tatu tu, ndogo kama za mtoto aliyechomwa mwiba.

"Hivi ndo kupasuliwa? Na mpunga wako unaliwa na ndege huko."

Nesi akasikia. "Bibi, ndani kakatwa kweli. Asiende shamba, asibebe hata ndoo, mpaka daktari amwone tena."

Mama mkwe akaweka chupa chini. Akavua khanga yake ya juu, akaikunja, akamzungushia mkwewe tumboni taratibu mpaka pakaonekana pamevimba.

"Nyumbani usiifungue. Wifi zako wakiona hivyo vitundu, kesho yake wanakupeleka shamba. Ndege nitafukuza mimi."

Mgonjwa akatabasamu, akarudi kwa twiga wake. Mimi nilicheka mpaka nesi akanitoa nje.

Sisi bwana, huruma yetu inapima kwanza urefu wa mshono. Basi jana na mimi nikajifunga khanga vilevile, nikajilaza. Nimeletewa chai kitandani, na hakuna aliyeuliza naumwa nini.